Nzuri Sana, Ila Ile Yangu Mmeiweka Wapi?

Mzee aliizunguka gari mara mbili. Mara ya kwanza haraka haraka, kama mtu aliyesahau alipopaki. Mara ya pili polepole, mikono nyuma, akainama kwenye taa, akachungulia tairi, akajiona kwenye mlango maana rangi ilikuwa inang'aa kiasi kwamba ungeweza kunyolea ndevu pale. Mimi nimesimama pembeni na tambara mkononi, moyo unadunda, nangoja sifa. Miaka miwili na ushee nimeingoja siku hiyo, ile Volkswagen naijua nati kwa nati, mwisho wa wiki nimelala chini yake kuliko nilivyolala kitandani, na huyu ndiye aliyeniuzia, mtu aliyeiendesha miaka 31.

Akanyooka. Akasema:

"Nzuri sana, kijana wangu. Ila ile yangu mmeiweka wapi?"

Nikacheka, nikidhani ananitania.

Hakuwa anatania.

Hapa ndo gari

Hakuwa na ubaya, mzee wa watu, tena alinishika mkono na kunipa hongera kama mara tatu kabla hajaondoka. Shida ni kwamba swali lake lilikuwa la haki kabisa na mimi jibu sina. Usiku ule nikachukua karatasi, nikaanza kuandika kimebaki nini.

Gari yenyewe ni Beetle ya 1966, injini ya 1300, umeme wa volti 6. Nilivyoinunua sakafu ilikuwa imeliwa, hasa pale chini ya siti ya nyuma betri inapokaa, asidi ya miaka yote hiyo ilishamaliza kazi, ukiinua kapeti unaona ardhi. Fundi akaikata kushoto na kulia kwa grainda akachomelea bati jipya. Akaacha ule mgongo wa katikati tu, ule unaopitisha waya wa klachi na wa mafuta, na alikuwa na sababu, namba ya chesisi imegongwa hapo, kwa nyuma, chini ya siti. Alikigonga kile kipande kwa kidole akaniambia, hapa usiguse kabisa, hapa ndo gari.

Hapa ndo gari. Nililipenda sana hilo neno siku ile.

Haya, madigadi manne yote mapya, yale kwenye Beetle yanafungwa kwa bolti tu, unafungua unatupa. Mlango wa abiria ulikuwa umechoka, bawaba zimekwisha, huufungi mpaka uuinue kidogo, nikauweka mwingine kutoka kwenye gari iliyokufa. Pistoni na silinda mpya. Waya zote mpya, na umeme nikauhamishia volti 12 kwa sababu taa za volti 6 ni kama umebeba mshumaa. Siti zimeshonwa upya. Rangi ilikuwa bluu, tukaikwangua mpaka tukaifikia ile ya kwanza chini kabisa, krimu, nikafurahi kama mtu aliyeokota dhahabu, na gari zima likapigwa krimu ile ile ya kiwandani.

Na redio. Redio iliyokuwemo ilikuwa ya valvu, nadhani ya zamani kuliko gari lenyewe, zile ambazo ukiwasha huna budi kusubiri zipate moto ndo zianze kuongea. Hii hata ikipata moto haiongei. Mzee alishaniambia siku ya kuuziana kwamba ilikufa zamani sana. Nikaing'oa, nikaweka ya kisasa yenye sura ya kizamani, tena ina bluututhi.

Ile karatasi, upande wa vilivyobaki, haikufika nusu.

Bentley mbele ya hakimu

Kwa wiki kama sita hivi sikuwa naingia gereji. Nilikuwa nasoma. Na anayeanza kusoma habari za magari ya kale lazima atakutana na Bentley inayoitwa Old Number One, maana ile kesi yake ni kama imeandikwa kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wangu.

Bentley Speed Six hii ilishinda mbio za Le Mans kule Ufaransa 1929, ikashinda tena 1930. Baada ya hapo haikuwekwa kwenye kabati la vioo. Iliendelea kukimbia, ikabadilishwa huku na kule, ikawekewa injini kubwa zaidi ya lita 8, na 1932 kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, Uingereza, ikaruka juu ya ukingo wa mzunguko na dereva wake Clive Dunfee akafa. Ikajengwa tena, safari hii kuwa kupee ya barabarani. Sasa twende 1990, kuna mtu anaiuza kwa pauni milioni 10, mnunuzi anakataa, anasema hii sio Old Number One, hii ni gari nyingine iliyopewa jina. Mambo yakaenda mahakama kuu London.

Hakimu, Jaji Otton, alifanya kitu ambacho mimi na karatasi yangu tulishindwa. Alikubali kwamba vya 1929 karibu hamna kitu, na vya 1930 vimebaki vichache mno, kava la giyaboksi, mhimili wa usukani, vitu vya namna hiyo. Halafu akaamua kwamba ni yenyewe. Kwa sababu haikuwahi kukatika. Haikuwahi kuwepo siku ambayo gari ilikufa na nyingine ikazaliwa, kila badiliko lilifanyika kwenye gari iliyokuwa hai na watu wakijua ni ileile.

Niliposoma hapo nikapumua. Basi na mimi nimepona, si ndio? Gari yangu nayo haijakatika.

Kesho yake asubuhi nikiwa napiga mswaki likanijia: yule jaji alikuwa anazungumzia gari iliyokuwa ikibadilika kwenda mbele. Mimi yangu niliirudisha nyuma.

Ndege iliyotoka mchangani

Niseme tu kwamba mimi nikishindwa kuelewa jambo la magari huwa nahamia kwenye ndege za vita. Watu wanaofufua gari za 1930 na wanaofufua ndege za 1940 ni ukoo mmoja, wanakunja bati lile lile, wanatafuta magneto zile zile, wana makovu yale yale kwenye vidole. Hata hiyo Brooklands niliyoitaja, ambayo ni uwanja wa kwanza duniani kujengwa mahsusi kwa mbio za magari, 1907, ndipo ndege ya kivita ya Hurricane iliporuka kwa mara ya kwanza Novemba 1935. Harufu ya mafuta ni ile ile.

Kuna Spitfire moja, ndege ya kivita ya Uingereza, namba yake N3200. Tarehe 26 Mei 1940 ilikuwa juu ya Dunkirk, pwani ya Ufaransa, rubani akiwa kiongozi wa kikosi Geoffrey Stephenson, ikapigwa, akaiweka kwa tumbo kwenye ufukwe wa Sangatte karibu na Calais. Akatoka mzima, akatekwa. Ndege ikazama mchangani. Miaka 46 ikakaa huko, mpaka bahari ilipoifunua tena 1986. Ikatolewa ikiwa mabaki tu ya chuma kilicholiwa na chumvi, na 2014 ikaruka, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa makumbusho ya vita ya Uingereza, ipo Duxford.

Ukiiona utalia. Mimi nimeiona kwenye video tu na nilikaribia. Ile sauti ya injini yake, Merlin, lita 27, silinda 12, sio kelele ile, ni kitu kinapita kifuani.

Lakini ukweli ni kwamba bati lake kwa sehemu kubwa ni jipya. Haiwezekani vinginevyo, alumini iliyokaa kwenye maji ya chumvi karibu nusu karne huwezi kumpandisha mtu hewani nayo. Kilichofanyika ni kama kilichofanyika kwangu, kuna kipande ambacho fundi alikigonga kwa kidole akasema hapa ndo ndege, halafu vingine vikajengwa kuzunguka hapo.

Na kitu kilichonisimamisha sio bati. Ni kwamba waliirudisha asubuhi.

Yaani N3200 ya leo ni N3200 ya asubuhi ya tarehe 26 Mei, kabla haijaondoka. Rangi zake, alama zake, kila kitu ni cha ndege ambayo bado haijapigwa. Ile risasi haimo, mchanga haumo, wala ile miaka 46. Nikajiuliza kwa nini asubuhi? Mbona sio mchana? Najua jibu, mchana ndege ilikuwa haiwezi kuruka. Lakini bado ni uamuzi. Kila anayefufua chombo anachagua siku, na siku nyingine zote anazipiga msasa.

Mimi nilichagua siku ya kiwandani, 1966. Siku ambayo mzee hakuwepo.

Meno ya papa

Kama N3200 ilinikaa kifuani kwa utamu, hii ya pili ilinikaa kwa uchungu.

Juni 28, 1942, kijana wa miaka 24, Dennis Copping, wa jeshi la anga la Uingereza, alikuwa anahamisha ndege ya kivita aina ya Kittyhawk, mbovu, kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine huko Misri, ipelekwe kutengenezwa. Akapotea njia. Hakuonekana tena. Miaka 70 baadaye, 2012, ndege yake ikakutwa katikati ya jangwa, imekaa kwa tumbo, karibu nzima. Propela imeng'oka, mabomba yamechungulia, rangi imekwanguliwa na upepo mpaka chuma kimekuwa laini kama kijiko cha bibi. Na pembeni kulikuwa na dalili kwamba Copping aliishi baada ya kutua, alitandaza parashuti apate kivuli, alitoa redio na betri, inaelekea alijaribu kuita. Halafu akaondoka kwa miguu.

Zile picha za kwanza nilizitazama muda mrefu. Hakuna rangi ya kupendeza, hakuna injini inayonguruma, na bado sijawahi kuona ndege inayosema mengi vile. Ilikuwa barua. Upepo uliiandika kwa miaka 70.

Baadaye ndege ikapelekwa kwenye makumbusho ya El Alamein. Wakaipiga rangi. Rangi mpya ya dukani, ya kung'aa, na puani wakaichora mdomo wa papa wenye meno, kwa sababu Kittyhawk za kwenye picha maarufu za jangwani zina meno ya papa. Zile zilikuwa za kikosi cha 112. Copping alikuwa wa kikosi cha 260.

Kwa hiyo wakairudisha kwenye siku ambayo haikuwahi kuwepo kabisa.

Nilikasirika sana, nikamtumia rafiki yangu picha mbili, kabla na baada, na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akanijibu kwa picha moja tu. Volkswagen yangu, krimu, inang'aa.

Jamani marafiki.

Wanaosema ziachwe

Kuna kambi kubwa kwenye huu ukoo inayosema basi, ziacheni kama zilivyokutwa, kutu ni sehemu ya hadithi. Kwenye magari sasa hivi ndo mtindo, gari iliyotolewa bandani na vumbi lake na kinyesi cha kuku inaheshimiwa kuliko iliyopigwa rangi. Na wana hoja. Wanaweza pia kukutajia Kee Bird.

Hiyo ilikuwa B-29, ndege kubwa ya mabomu ya Marekani, ilitua kwa dharura juu ya ziwa lililoganda kaskazini ya Greenland Februari 1947, watu wote 11 wakaokolewa, ndege ikaachwa. Ule ubaridi ukaihifadhi vizuri mno. Mwaka 1994 timu kutoka Marekani ikaenda kuifufua palepale, wakapeleka injini nne, propela, matairi, kwenye sehemu isiyo na kitu. Fundi wao mkuu akaugua huko na akafa. Wakarudi mwaka uliofuata wakamaliza kazi. Mei 1995 wakawasha zote nne, ndege ikaanza kutembea juu ya barafu kutafuta nafasi ya kuruka, na nyuma kule, tangi la mafuta la jenereta ndogo likaanza kuvuja. Moto. Iliungua mbele ya macho yao mpaka ikabaki mabawa na mkia.

Karibu miaka 50 ilikaa salama bila mtu. Wapenzi wake ndio waliimaliza.

Sasa hiyo hadithi watu wa kambi ya kuacha wanaitumia kama nyundo, na mimi kwa siku kadhaa nilikuwa kwenye kambi hiyo. Ila kuna kitu kiliniondoa. Ile N3200 ingeachwa mchangani ingekwisha. Na gari yangu, ile sakafu isingepona kwa kuheshimiwa. Kutu haina heshima na mtu, inakula hadithi kama inavyokula bati. Ukiacha, umechagua pia. Umechagua siku ya mwisho.

Wenyewe hawakuwa na muda huo

Hapa ndo nilipogeuka, na ilikuwa kwa kusoma habari za viwanda, mambo ambayo kwa kawaida nayaruka.

Injini ya Merlin pale kwa Rolls-Royce ilitengenezwa na mafundi wenye mikono ya ajabu, kipande kikizidi kidogo fundi anapiga tupa mpaka kinakaa. Kila injini kama suti ya kushonwa. Vita vilipotaka injini nyingi, Ford ya Uingereza wakapewa kazi ya kuzitengeneza Manchester, wakaangalia michoro ya Rolls-Royce wakasema hatuwezi kutumia hii. Watu wakadhani ni kwa sababu ni migumu mno kwa kiwanda cha magari. Kumbe kinyume, Ford walisema vipimo vimelegea mno! Kwao hakuna fundi wa tupa, kipande chochote lazima kikae kwenye injini yoyote. Wakachora upya michoro yote. Wakatoa Merlin zaidi ya 30,000, na Marekani Packard, nao watu wa magari, wakatoa kama 55,000.

Halafu kulikuwa na Civilian Repair Organisation, shirika la kiraia la kutengeneza ndege, lililoendeshwa kutoka Cowley kwenye viwanda vya magari ya Morris. Ndege zilizopigwa zinaletwa, wanazifumua, bawa la hii linafungwa kwenye mwili wa ile, mkia wa tatu, na inarudi vitani. Katika vile vita vya angani vya kiangazi cha 1940, takriban theluthi ya ndege zilizopelekwa kwa vikosi zilikuwa za kutengenezwa, sio mpya.

Na mama mmoja ninayempenda kupita kiasi, Beatrice Shilling, mhandisi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza. Merlin za mwanzo zilikuwa na aibu moja, rubani akiisukuma pua chini ghafla mafuta kwenye kabureta yanarukia juu na injini inakata, wakati Messerschmitt wa Kijerumani mwenye injini ya kupuliza mafuta anapiga mbizi anaondoka zake. Mwaka 1941 Shilling akaja na kiduara cha shaba chenye tundu, kama washa ya bolti tu, kinazuia mafuta yasizidi. Wakazunguka uwanja hadi uwanja kukifunga. Mtu huyohuyo kabla ya vita alikuwa anakimbiza pikipiki ya Norton pale Brooklands, zaidi ya kilometa 160 kwa saa, na ana nishani ya dhahabu ya mzunguko. Ukoo mmoja, nilisema.

Sasa niambie, Spitfire iliyotoka kiwandani 1940, ikafungwa kiduara cha Shilling 1941, ikabadilishiwa injini, ikapewa bawa la mwenzake, ile halisi ni ipi?

Hao mafundi wangekucheka. "Halisi" ni neno letu sisi tuliokuja baadaye na muda wa kupoteza.

Kwa hiyo vipande sio shida, na mzee hawezi kuwa alikuwa anauliza vipande. Nilikaa na hilo siku mbili hivi, nikiwa nimetulia kidogo.

Kingine tunachokifuta

Nikiwa hapo hapo kwenye viwanda nikaingia cha kwangu.

Najua, kila mwenye Beetle anajua ilianzia wapi, gari ya Hitler, tunaisema haraka tukicheka kisha tunaendelea na habari za kabureta. Mimi pia. Nimeisema hivyo mara mia. Ila nilivyokaa kuisoma vizuri sikucheka. Kile kiwanda wakati wa vita gari za raia karibu hakikutoa, kilitoa magari ya jeshi, kilitengeneza sehemu za ndege za Junkers Ju 88, na kilitengeneza V-1, yale mabomu yenye mabawa yaliyoruka yenyewe mpaka London na Antwerp. Na wafanyakazi wake kwa sehemu kubwa walikuwa watu walioletwa kwa nguvu, raia wa Poland na Urusi, wafungwa wa vita, wafungwa wa kambi. Wanawake wao waliozaa walinyang'anywa watoto wakapelekwa kwenye nyumba ya kulelea ya kampuni, pale Rühen, na zaidi ya watoto wachanga 300 wakafa.

Baada ya vita afisa mmoja wa Uingereza, Meja Ivan Hirst, akakuta magofu na mashine, jeshi lake likaagiza magari 20,000, na kutoka hapo ndo ikaja ile gari ya kuchekesha ambayo mpaka 2003 ilishatengenezwa zaidi ya milioni 21.

Yangu ni ya 1966, haina damu hiyo moja kwa moja. Lakini "siku ya kiwandani" niliyoichagua kwa mbwembwe kumbe nayo ina siku nyuma yake. Nilikuwa nafikiri nimerudi mwanzo, pasafi, kabla ya mikwaruzo. Mwanzo wenyewe hauna usafi huo. Sijui nifanye nini na hili, naliandika tu kwa sababu lilikuwepo katika zile wiki na nikiliruka nitakuwa nimepiga rangi.

Simu

Mwishowe nikampigia mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari imekufa?"

"Hapana, nzima kabisa."

"Sasa unapiga saa hizi kuna nini?"

Nikamwambia. Nikamweleza yote, mpaka Bentley, mpaka jaji, nafikiri niliongea dakika tano bila kupumua, na mwisho nikamuuliza, mzee, siku ile uliposema ile yako tumeiweka wapi, ulikuwa unamaanisha nini hasa?

Kimya.

"Mimi nilisema hivyo?"

Wiki sita. Wiki sita sijalala vizuri.

Nikabaki sina la kusema. Ila mzee ukimwacha huwa anaendelea mwenyewe, na akaendelea. Akasema injini aliibadilisha mara mbili, hiyo wala sio kitu. Akasema ile bluu niliyoikwangua aliipiga yeye, kwa brashi, siku mbili, na mwanawe wa kwanza aliyekuwa mdogo alipaka bluu kwenye tairi akachapwa. Nikakumbuka nilivyoiona ile mistari ya brashi nikasema kwa sauti, nani mshamba huyu. Akasema usukani ulikuwa umelika upande mmoja, wa kulia, kwa sababu mkono wa kushoto alikuwa anapumzisha kwingine, hakusema wapi. Halafu akasema:

"Ule mlango. Siku ile nilivyoufunga ukafunga tu."

Nikasema ndio, bawaba mpya.

"Mama watoto alikuwa anauinua. Kila siku. Anauinua hivi kwa nyonga ndo unafunga. Hata kwenye gari za watu alikuwa anainua."

Alikuwa, alisema. Nilijua ameshatangulia, aliniuzia gari mwaka mmoja baada ya msiba, na kwa ule upumbavu wa mtu mwenye furaha ya kununua sikuwahi kuunganisha.

Tukaongea mambo mengine kidogo, tukaagana.

Kilichokuwa chini ya meza

Ule mlango ulikwenda na chuma chakavu zamani. Nilimuuliza fundi, kwa matumaini ya kijinga tu, akaniangalia kama ninayeuliza jino nililong'oa utotoni. Bluu haipo. Siwezi kuipiga tena kwa brashi kuigiza mikono ya mtu, hayo yatakuwa meno ya papa.

Ila mimi ni mtu wa kutunza takataka, na chini ya meza kulikuwa na boksi. Usukani uliolika, upo. Kitasa cha mlango wa dereva, kile kilichobadilika rangi kwa jasho, kipo. Kifuniko cha treya ya majivu. Redio, imefungwa kwenye gazeti.

Nikarudisha usukani. Ukiushika unasikia pale palipolika, kidole gumba kinaingia chenyewe, sio cha kwangu lakini kinaingia. Kitasa nikarudisha. Redio mpya nikaitoa nikaiweka ile ya valvu mahali pake, tundu lilikuwa limetanuliwa kidogo hivyo inacheza cheza, sikuiunganisha umeme kwa sababu yenyewe ni ya volti 6 na gari sasa ni 12, na imekufa hata hivyo. Fundi akaniuliza sasa hii ya nini. Nikamwambia ya kuziba tundu.

Jumapili moja mzee akaja tena. Sikumwambia kitu. Akakaa upande wa dereva bila kuombwa, akaushika usukani, akakaa nao vile kwa muda, mimi nikazunguka nikaingia upande wa abiria na, sijui kwa nini, nikauinua mlango kidogo wakati wa kuufunga. Haikuwa lazima. Akanitazama.

Akawasha, ikashika mara ya kwanza. Akaingiza giya, tukaondoka polepole, na tulipofika barabarani mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye redio bila yeye kuangalia, ukazungusha kile kitufe mpaka kikalia tik.

Kisha akaurudisha mkono, akasubiri ipate moto.